Namna ya Kuandika Maoni ya Haki Kuhusu Daktari wa Meno

Mtu anayeumwa na jino usiku kule Kizingitini au Faza, katika kisiwa cha Pate, hana mengi ya kuchagua. Kabla ya kupanda boti ya alfajiri kuja Lamu mjini, au kuvuka hadi Mokowe na kuendelea kwa basi mpaka Malindi, hutafuta habari kutoka kwa waliomtangulia: daktari yupo siku gani, malipo ni kiasi gani, na je, kazi itakwisha siku hiyo hiyo au itambidi arudi mara ya pili na ya tatu? Akifungua simu yake hukuta mmoja ameandika, “Daktari mzuri sana, Mungu ambariki,” na chini yake mwingine ameandika, “Msithubutu kwenda pale.” Huenda wote wawili wamesema kweli kama walivyoiona, lakini mgonjwa wa Kizingitini bado hajapata neno la kumsaidia kuamua safari yake. Maoni kuhusu daktari wa meno huandikwa kwa ajili ya mtu huyo. Hayaandikwi kumlipa daktari fadhila wala kumlipiza kisasi, na karibu yote nitakayoyaeleza hapa yanatokana na kulikumbuka hilo.

Kwanza, tenganisha unayoyajua na usiyoyajua. Aliyekaa kwenye kiti cha daktari wa meno anajua mambo mengi kuliko mtu mwingine yeyote: anajua alisubiri kwa muda gani, kama alitajiwa malipo kabla ya kazi kuanza, kama daktari alikitazama kinywa chote au alikwenda moja kwa moja kwenye jino moja, kama aliposema anaumia daktari alisita au aliendelea, na kama aliondoka akijua la kufanya iwapo damu itaendelea kutoka usiku. Katika hayo ushahidi wake ni mzito, hata mbele ya mtaalamu. Lakini hajui kama jino lililong'olewa lingeweza kuokolewa, au kama dawa iliyotumiwa kuzibia ndiyo iliyofaa, kwa kuwa majibu ya maswali hayo yamo katika mzizi na mfupa ambao yeye hauoni. Kwa hiyo sentensi kama “Aling'oa jino zima lisilo na tatizo” ni hukumu ambayo mwandishi wake hana uwezo wa kuitoa, ilhali “Aliniambia jino halizibiki tena, na nilipomwuliza sababu hakunijibu wala hakunionyesha picha” ni ushahidi. Hiyo ya pili ina nguvu zaidi, kwa sababu msomaji anaweza kuipima mwenyewe na daktari hawezi kuikana kirahisi.

Kipimo cha mazungumzo kati ya daktari na mgonjwa hakihitaji kubuniwa upya na kila anayeandika. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama za njia hizo, pamoja na haki yake ya kukataa, na inamtaka afanye hivyo, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa mgonjwa. Ukiandika maoni, eleza kama hayo yalifanyika. Huku kwetu suala la lugha lina uzito wa pekee, maana baadhi ya madaktari wametoka bara, na wako wazee ambao huitikia kwa kichwa kila wanaloambiwa ili tu wasionekane hawakuelewa. Ukisema, “Alimweleza mama yangu kwa Kiswahili, polepole, akamshikia kioo alione tundu,” umewapa watu wa Siyu na Pate habari ambayo nyota tano peke yake haziwezi kuwapa.

Maumivu ndiyo yanayoandikwa zaidi, na ndiyo yanayoandikwa vibaya zaidi. Sindano ya ganzi huzuia maumivu, lakini haiondoi hisia ya kusukumwa na kuvutwa, na mtu ambaye hakuambiwa hilo mapema huamini kwamba ganzi haikumshika. Jino lenye usaha nalo hupokea ganzi kwa shida, kwa sababu tindikali iliyomo katika nyama yenye uambukizo huidhoofisha dawa, hata daktari hodari akalazimika kuongeza sindano au kuahirisha kazi. Magego ya chini hutiwa ganzi kwa kuutafuta mshipa wa fahamu ulio ndani, nyuma ya taya, na mshipa huo haupo mahali pamoja kwa watu wote, hivyo sindano ya kwanza mara nyingine hukosa. Moyo kwenda mbio kwa dakika chache baada ya sindano mara nyingi hutokana na adrenalini inayochanganywa na dawa ili ganzi idumu na damu ipungue. Hakuna hata moja kati ya hayo linalothibitisha uzembe. Linalofaa kupimwa ni mwenendo wa daktari: je, aliingoja ganzi ishike, aliijaribu kabla ya kuanza, alikuonyesha ishara ya kumsimamisha, na alisimama ulipoitoa? Daktari anayeendelea kung'oa huku mgonjwa analia na kumshika mkono, naye akamwambia avumilie tu, anastahili kuandikwa, na aandikwe bila kupunguziwa. Hata hivyo andika kilichotokea kwa mfuatano wake, kwa sababu mfuatano ndio unaomwonyesha msomaji kwamba ganzi haikukosa tu, bali daktari alijua imekosa na hakujali.

Usichapishe maoni yako siku hiyo hiyo. Jioni ukifika nyumbani jiandikie kumbukumbu, yaani saa uliyofika, saa uliyoingia, bei na maneno uliyoambiwa, kisha uziweke mpaka kinywa kitulie. Baada ya kung'olewa jino, damu kidogo katika mate siku ya kwanza na uvimbe unaozidi hadi siku ya pili au ya tatu ni mambo ya kawaida, na maumivu yanayopungua kila siku si dalili mbaya. Maumivu makali yanayozuka kati ya siku ya pili na ya nne, pamoja na harufu mbaya, mara nyingi hutokea pale damu iliyoganda inapotoka ndani ya tundu la jino na kuuacha mfupa wazi, jambo linalowapata wavutaji sigara zaidi na ambalo linaweza kutokea hata daktari asipokosea. Mgonjwa hutakiwa kurudi ili tundu lisafishwe na kutiwa dawa, na hapo ndipo penye habari ya kuandikwa: ulirudi, je, ulipokewa vipi, na ulitozwa tena? Jino lililozibwa linaweza kusisimka kwa maji baridi kwa siku kadhaa kabla ya kutulia, na meno ya bandia huhitaji majuma ya kuzoewa na kuchongwa hapa na pale. Mimi ningengoja juma moja kwa jino lililong'olewa, mawili kwa lililozibwa, na mwezi kwa meno ya bandia, na matibabu ya mzizi wa jino nisingeyaandikia mpaka hudhurio la mwisho lipite.

Kuna mambo mengine yanayoonekana kuwa makosa ilhali ni dalili za uangalifu. Daktari aliyepima presha, akaona imepanda sana, akakataa kung'oa jino siku hiyo, hakumfukuza mgonjwa. Alimkinga. Vivyo hivyo anayeuliza habari za kisukari, ujauzito au dawa za kuzuia damu kuganda kabla ya kugusa jino. Asiyeandika dawa za kuua bakteria kwa jino linalouma tu, bila uvimbe wala homa, hakubania dawa, kwani maumivu ya kiini cha jino hayaponywi na amoksilini ya kununua dukani bali na tiba ya jino lenyewe. Na lile lalamiko linalosikika mara kwa mara, kwamba “alinisafisha meno, yakalegea,” lina maelezo yake. Ukoga uliokaa miaka mingi huwa mgumu kama jiwe, ukayashikilia meno ambayo fizi na mfupa wake vimekwisha kulika, na unapoondolewa ndipo ulegevu uliokuwapo zamani unapojitokeza, pamoja na mapengo na msisimko wa baridi. Watafunaji wa tambuu na chokaa yake wanalijua hili vizuri. Lililo haki kulaumiwa hapo ni kama daktari hakumtahadharisha mgonjwa kabla ya kuanza.

Usafi, kwa upande wake, ni jambo ambalo macho ya mgonjwa yanatosha kulitolea ushahidi. Vyombo vinavyoingia kinywani hutakaswa kwa mashine ya mvuke wenye shinikizo, kwa kawaida kwa nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika 15 au zaidi, au nyuzi 134 kwa dakika chache, na mara nyingi huwekwa ndani ya mifuko maalumu yenye alama inayogeuka rangi kwa mvuke. Kuvichemsha tu katika sufuria hakutoshi. Kwa hiyo maneno kama “Mfuko wa vyombo ulifunguliwa mbele yangu, na sindano ilikuwa mpya” yana thamani kubwa. Ikiwa hukuona vyombo vikifunguliwa, usiandike kwamba vilikuwa vichafu, maana huenda vilitayarishwa kabla hujaingia. Sema kwamba hukuona, na kama uliuliza, andika jibu ulilopewa. Lakini glavu zilizoshika simu, droo au pesa na kisha zikarudi kinywani, hizo uliziona. Homa ya ini aina ya B na virusi vya Ukimwi huambukizwa kwa damu, na hapana heshima inayotosha kulifunika jambo la namna hiyo.

Kwa watu wa visiwani gharama ya jino haianzi wala haiishii kwenye kiti cha daktari. Tiba inayotaka mahudhurio matatu, kwa mkaazi wa Mkomani, mtaa wa Lamu mjini, ni matembezi ya dakika chache, na kwa mtu wa Faza ni siku tatu za kazi zilizopotea, nauli yake na ya anayemsindikiza, na hesabu ya maji, kwa kuwa maji yakipwa njia ya bahari ya Mkanda huwa taabu. Hii ndiyo sehemu ambayo ningependa iandikwe kwa marefu kuliko zote, nayo ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu. Taja idadi ya mahudhurio uliyoahidiwa na idadi uliyoishia kwenda. Taja bei uliyoambiwa, bei uliyolipa, na kilichokuwamo ndani yake: je, kumwona daktari, picha na dawa vilihesabiwa pamoja au kila kimoja peke yake? Eleza kama ulipewa risiti na kama M-Pesa inapokewa. Kama ulitumia bima, taja ni ipi na lini, maana Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilichukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya ya taifa, mwezi wa Oktoba 2024, na maoni ya zamani yanayosifu au kulaumu huduma ya kadi ya NHIF sasa yanapotosha. Umeme ukikatika, usimhukumu daktari kwa giza. Mhukumu kwa alivyomshughulikia mgonjwa aliyekuwa na jino lililochimbwa nusu. Taja kama kliniki iko ghorofani, kwa sababu ngazi za nyumba zetu za mawe ni za mwinuko na wako wazee wasioziweza. Wanawake wengi watashukuru kujua kama yupo daktari wa kike, au kama mgonjwa huruhusiwa kuingia chumbani na mwenzake anayemsindikiza, na katika Ramadhani kila mtu atataka kujua kama hufunguliwa usiku baada ya kufuturu.

Mtaje pia aliyekutibu kwa cheo chake, ikiwa unakijua. Si kila anayeng'oa jino ni daktari wa meno mwenye shahada, kwani wako maafisa wa afya ya kinywa wenye mafunzo ya diploma, ambao kusafisha, kuziba na kung'oa meno kwa njia ya kawaida ni sehemu ya kazi yao, na kutibiwa na mmoja wao si udanganyifu. Udanganyifu ni mtu kujiita asivyo. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, linalojulikana kwa kifupi KMPDC, lina orodha ya waliosajiliwa ambayo yeyote anaweza kuitazama kwenye mtandao, basi itazame kabla ya kumtilia mtu shaka mbele ya watu. Kama ulitibiwa katika kambi ya matibabu ya siku chache, swali kubwa la kujibu ni nani aliyebaki kukuangalia kambi ilipoondoka.

Haki ina upande mwingine ambao waandishi wengi hawaufikirii. Daktari anafungwa na wajibu wa kutunza siri ya mgonjwa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, kwa hiyo ukimshutumu hadharani hawezi kukujibu kwa kutaja presha yako, picha ya taya yako wala deni lako. Wewe una ulimi, yeye amefungwa nusu ya wake. Hali hiyo inamdai mwandishi aseme hata yale yasiyompendeza: kwamba alichelewa saa mbili, kwamba hakurudi siku aliyopangiwa, kwamba alivuta sigara siku ile ile aliyong'olewa. Kama daktari ni jamaa yako, au ulipunguziwa bei ili uandike, liseme hilo katika mstari wa kwanza. Uliyoyasikia barazani yabaki barazani. Andika yaliyokupata wewe, au yaliyompata mtu uliyemsindikiza na aliyekupa ruhusa. Usimtambulishe msaidizi wa kliniki kwa ukoo au mtaa wake, kwa maana katika mji mdogo kusema “yule binti wa Langoni” ni sawa na kutaja jina kamili, wala usipige picha chumba cha kungojea chenye wagonjwa wengine. Katiba, katika Ibara ya 33, inakupa uhuru wa kujieleza na papo hapo inakutaka uheshimu sifa za wengine, na ingawa Mahakama Kuu ilibatilisha kosa la jinai la kashfa mwaka 2017, kesi ya madai bado inaweza kufunguliwa. Anayeandika kweli aliyoishuhudia, na ambaye amehifadhi risiti zake, ana kinga nzuri.

Yako mambo yasiyofaa kupelekwa kwenye maoni kwanza. Uvimbe unaoshuka chini ya taya au shingoni, homa, shida ya kumeza au kupumua, na damu isiyokatika hata baada ya kuuma pamba kwa nguvu kwa nusu saa, ni mambo ya kukimbizwa hospitali mara moja. Mgonjwa aliyetendewa jambo zito, kama vile kung'olewa jino lisilokusudiwa, kutibiwa bila ridhaa au kuguswa kwa namna isiyo ya heshima, ana haki ya kudai kumbukumbu za matibabu yake na kupeleka malalamiko KMPDC, na penye jinai, polisi. Kukimbilia kuandika hadharani kabla ya hapo kunaweza kumdhuru yeye mwenyewe, kwani kila neno alilotupa kwa hasira litasomwa upya siku ya kusikilizwa.

Sasa tazama mfano wa maoni niliyoyatunga ili kuonyesha namna hayo yote yanavyoingia katika mistari michache:

“Nilikwenda Machi 2025, siku ya Jumanne, kung'olewa gego la chini. Nilifika saa tatu asubuhi nikaingia saa tano na nusu, na hakuna aliyetueleza sababu ya kuchelewa. Daktari alinipima presha, akapiga picha, akanieleza kwa Kiswahili kwa nini jino halizibiki, na akanitajia bei kabla ya sindano. Sindano ya kwanza haikushika. Aliongeza ya pili akangoja. Niliumia kidogo mwishoni, nikainua mkono, akasimama. Nililipa bei ile ile niliyotajiwa, nikapewa risiti. Siku ya tatu maumivu yalizidi. Nilipiga simu, nikaambiwa nirudi, na tundu likasafishwa bila malipo mengine. Wanaotoka visiwani wafike mapema, la sivyo wanaweza kukosa boti ya kurudi.”

Ndani yake mna lawama moja, sifa kadhaa zilizothibitishwa kwa matendo, na onyo kwa anayesafiri, na hapana sifa tupu hata moja. Mwenye maoni hayo akitoa nyota nne, msomaji anajua ile ya tano imepotelea wapi. Nyota moja ningeiweka kwa yale yanayohatarisha afya au utu wa mgonjwa, wala si kwa foleni.

Maoni yakishachapishwa bado yana mwenyewe. Kliniki ikirekebisha ulilolilalamikia, usifute maneno ya kwanza. Ongeza chini yake tarehe na lililofanyika, ili msomaji aone namna watu wale wanavyolipokea kosa. Daktari akihama, na huku kwetu huhamishwa, andika kwamba maoni yako yalimhusu aliyeondoka. Futa yote ikiwa tu umegundua kwamba ulikosea jambo lenyewe, au uliandika kwenye kituo kingine chenye jina linalofanana. Na kama kuna aliyekwisha kuyasambaza kwenye makundi ya WhatsApp, mjulishe naye ayaondoe.